UZI: Jua la Januari limeniulia beseni zima la spirulina. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu bakteria na mwanga uliozidi

MkulimaWaPaa (mwanzisha uzi)

Wadau, nina mabeseni mawili ya spirulina, vile vijiumbe vya majini vya kijani-samawati vinavyoliwa, juu ya paa la nyumba tunayopanga huku Roysambu. Ni pipa la plastiki la lita 200 nililolipasua katikati, kwa hiyo kila upande unabeba kama lita 90. Wiki ya pili ya Januari nilivuna beseni la kwanza nikapitiliza. Nilitoa zaidi ya nusu, nikajazia maji mapya yenye magadi na mbolea. Kipimo changu ni kifuniko cheupe cha mkebe nilichokigongomelea kwenye fimbo. Ukikizamisha, unasoma ni sentimita ngapi kabla hakijapotea machoni. Beseni lililovunwa kilipotea kwenye sentimita 9. Beseni la pili, ambalo sikulivuna, kilipotea kwenye sentimita 3.

Neti ya kivuli niliiondoa kwenye mabeseni yote mawili. Nilijiambia mbegu, yaani spirulina aliyebaki majini, zimebaki chache, basi zipate mwanga wa kutosha zizaane haraka.

Kesho yake kulipambazuka na ile baridi ya Nairobi ya anga tupu. Saa 12 na nusu asubuhi maji yalikuwa nyuzijoto 15. Saa 4 jua lilikuwa limeshawaka kisawasawa. Nilipopanda ngazi saa 9 alasiri, ile rangi ya kijani-samawati ilikuwa imekwenda. Beseni lilikuwa na rangi ya maji yaliyochemshiwa mchaichai, povu jeupe limegandamana pembeni. Nikachota kwa gilasi nikainua kwenye mwanga: nyuzi za spirulina zimeshikana vibonge vya manjano, zinashuka chini kama machicha ya busaa. Spirulina mzima huelea. Beseni la pili, jua lile lile, baridi ile ile, lilikuwa kijani kibichi kama sukuma wiki.

Nimekaa wiki tatu nikisoma kilichotokea, na naandika hapa kwa sababu najua hatuko wachache tunaofuga kitu hiki mjini.

Nilikuwa nadhani mwanga kwa bakteria wa usanisinuru ni kama ugali kwa mtoto, akishiba ataacha. Hawezi kuacha. Klorofili ikipigwa na mwanga inapokea tu, haina mdomo wa kufunga. Jua la adhuhuri likiwa kali, klorofili moja hupokea kama fotoni (chembe za mwanga) 10 kwa sekunde. Hizo si nyingi. Lakini spirulina ni sianobakteria, na sianobakteria wengi wana madishi ya kunasia mwanga yaitwayo fikobilisomu, ambayo ndiyo yanayompa ile rangi ya samawati. Dishi moja lina chembe za rangi mamia. Zidisha mwenyewe. Maelfu ya fotoni kwa sekunde yanamiminwa kwenye mtambo wa usanisinuru ambao hatua yake ya polepole inamudu elektroni mia moja au mia mbili hivi kwa sekunde.

Zilizobaki zinakwenda wapi? Klorofili iliyosisimka ina nanosekunde chache tu za kuikabidhi nishati yake. Ikikosa wa kumkabidhi, nyingine huitoa kama mng'ao mwekundu, nyingine kama joto, na nyingine huteleza zikaingia katika hali ya msisimko inayodumu zaidi ya mara elfu. Hapo ndipo penye balaa. Klorofili iliyo katika hali hiyo ikikutana na oksijeni inaitupia nishati. Oksijeni tunayopumua ni mpole kiasi, lakini ikisisimshwa hivyo inaunguza kila inachokigusa: mafuta ya utando, protini, hata klorofili yenyewe. Na sianobakteria anaitengeneza oksijeni hiyo mwenyewe, mchana kutwa, palepale karibu na klorofili.

Hivyo ndivyo beseni langu lilivyoungua ndani ya maji ya baridi.

MwalimuWaBayolojia

Pole sana kwa hasara, ndugu. Maelezo yako ya oksijeni ni sahihi. Lakini kabla hatujalihukumu jua, swali moja. Sianobakteria akikosa nitrojeni huwa anayabomoa yale madishi ya samawati ili ale nitrojeni iliyomo, na anageuka manjano vivyo hivyo. Ulitia nitrati kiasi gani?

MkulimaWaPaa

Asante mwalimu, nilijiuliza hilo hilo usiku ule. Mbolea niliikoroga kwenye ndoo moja nikagawa mabeseni yote mawili, na lile la pili halikubadilika rangi. Halafu njaa ya nitrojeni huchukua siku kadhaa, hili langu lilikwisha kati ya asubuhi na alasiri. Tofauti kati ya mabeseni ilikuwa uzito wa mbegu tu. Kwenye beseni zito kila uzi unakaa juani muda mfupi, kisha ukikoroga unashuka gizani chini ya wenzake ukapumzika. Kwenye sentimita 9 hakuna giza la kushukia.

MwalimuWaBayolojia

Hapo nimekubali. Ongeza na zile nyuzi 15. Kwenye mtambo wa kupasua maji kuna protini inaitwa D1, na hiyo ndiyo inayoumia kwanza. Kiumbe anajua itaumia, kwa hiyo anaing'oa na kutengeneza nyingine bila kukoma, saa zote za mwanga. Juani kali nusu ya D1 zote zinaweza kubadilishwa ndani ya saa moja au chini yake. Madhara yanaonekana pale tu kasi ya kuharibika inapoipita kasi ya kukarabati. Sasa, kuharibika kunategemea mwanga, na mwanga haujali baridi. Kukarabati ni kazi ya vimeng'enya, na vimeng'enya vya kiumbe anayependa nyuzi 35 vinasinzia kwenye nyuzi 15. Jua kali juu ya maji baridi ni hatari kuliko jua lile lile saa 8 mchana.

MkulimaWaPaa

Mwalimu, sentensi hiyo ya mwisho ningeipata Desemba ningekuwa na beseni mpaka leo. Mimi nilikuwa naiogopa adhuhuri, kumbe nilipaswa kuiogopa saa 3 asubuhi.

Binti_wa_Kisauni

Hamjambo wenzangu. Mimi nipo Nairobi kikazi, kwetu Mombasa. Nimesoma yote nikafahamu kwamba mwanga ukizidi unadhuru. Nisilofahamu ni hili: kiumbe hana jicho, hana ubongo, ni uzi mdogo majini. Atajuaje kwamba mwanga *umezidi*? Wa kutosha na wa kuzidi si mwanga ule ule?

MkulimaWaPaa

Dada, hilo swali ndilo lililonifanya nisome mpaka usiku wa manane, na jibu lake ni kitu kizuri ajabu.

Ndani ya sianobakteria wengi kuna protini ndogo ya rangi ya chungwa. Imebeba karotenoidi moja tu, ndugu wa zile rangi zilizomo kwenye karoti. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1981 na David Krogmann na mwenzake Holt huko Marekani, na kwa miaka mingi ilijulikana ipo bila kazi yake kueleweka. Mwaka 2006 kundi la Diana Kirilovsky huko Ufaransa lilionyesha kwamba hiyo ndiyo breki ya yale madishi.

Inafanya kazi hivi. Protini ina vipande viwili, na karotenoidi imelala katikati yao, kichwa upande huu, miguu upande ule, ikivishikanisha. Mwanga mdogo ukiwapo inabaki chungwa na haifanyi lolote. Mwanga wa samawati au wa kijani-samawati ukiipiga kwa nguvu, karotenoidi inachoropoka upande mmoja na kuteleza nanomita 1.2 kuingia ndani ya kipande cha pili. Vipande vinaachana, na protini inageuka nyekundu. Imebadilika rangi kabisa, unaweza kuiona kwa macho kwenye chupa ya maabara. Sasa ile iliyofunguka inakwenda kujipachika kwenye fikobilisomu, na nishati iliyokuwa ikikimbilia kwenye klorofili inamezwa na karotenoidi na kutoka kama joto. Yote hayo kabla klorofili haijaguswa.

Ama swali lako la "atajuaje": protini yenyewe ndiyo kipimo. Imeumbwa iwe nzito kufunguka. Fotoni nyingi zinazoipiga hazileti matokeo, na zile chache zilizofunguka zinajirudia kuwa chungwa zenyewe gizani. Kwa hiyo kwenye mwanga hafifu zinazofunguka zinafungwa upesi kuliko zinavyoongezeka. Ni pale fotoni zinapomiminika mfululizo ndipo nyekundu zinarundikana zikatosha kufunga breki. Ni kama ndoo yenye tundu chini. Bomba likidondosha, ndoo haijai kamwe. Bomba likifunguliwa mpaka mwisho, inajaa licha ya tundu.

Na kuna protini ya pili ambayo kazi yake ni kuiondoa breki mwanga unaposhuka, maana breki iliyobaki imeshikwa wakati wa mawingu ni njaa.

Jambo lililonigusa zaidi: umbo la protini hii lilipochorwa kwa mara ya kwanza kwa miale ya eksirei, mwaka 2003, ilichukuliwa kwenye Arthrospira maxima. Arthrospira ndilo jina la kisayansi la spirulina. Kitu kilichokuwa kikipigana ndani ya beseni langu siku ile ni hicho hicho.

Binti_wa_Kisauni

Shukrani kaka. Ndoo yenye tundu nimeielewa vizuri. Lakini mbona basi breki hiyo haikukuokolea beseni?

MkulimaWaPaa

Kwa sababu breki inapunguza, haimalizi. Sehemu ya nishati tu ndiyo inayotolewa kama joto, na klorofili nazo zinakula mwanga moja kwa moja bila kupitia kwenye dishi. Mbegu zangu zilitoka gizani kwenye sentimita 3 zikaingia sentimita 9 usiku mmoja, zikiwa na madishi makubwa ya kiumbe aliyezoea kivuli. Kupunguza madishi na kuongeza karotenoidi kunahitaji siku kadhaa. Mimi niliwapa saa chache tu za asubuhi moja.

FundiStima_Embakasi

Nimefuatilia. Kwa lugha yetu ya stima, hiyo protini ya chungwa ni fyuzi.

MkulimaWaPaa

Fundi, nilianza na mfano huo huo nikauacha. Fyuzi ikikatika nyumba nzima iko gizani. Hapa nyumba inaendelea kupika na taa zinawaka, ni ziada tu inayoshushwa ardhini. Naona iko karibu zaidi na waya wa athi. Wewe unaujua kuliko mimi, nisahihishe.

FundiStima_Embakasi

Athi ni sawa, ila athi iko pale saa zote, haingoji kujaa. Ukitaka kifaa hasa, kuna kile cha kulinda nyumba dhidi ya radi. Volti zikiwa za kawaida kimefunga, hakipitishi kitu. Zikipanda kupita kiasi kinafunguka chenyewe, kinamwaga ziada kwenye athi, zikishuka kinafunga tena. Nyumba haizimiki.

MkulimaWaPaa

Ndicho hicho. Kuanzia leo nitautumia huo.

Mwanafunzi_Maabara

Habari zenu wakubwa. Niongeze la kihistoria, kwa sababu lilinifanya nibadilishe mada ya mradi wangu. Kabla hata ya hiyo protini ya chungwa kujulikana, kulikuwa na jaribio la mwaka 1955 kule Berkeley, California, katika kundi la Roger Stanier. Walikuwa na bakteria wa zambarau, wale wanaofanya usanisinuru bila kutoa oksijeni. Wakampata mmoja aliyepoteza karotenoidi zake za rangi, akabaki na rangi ya kijani-samawati.

Wakamweka kwenye mwanga bila hewa: akakua vizuri. Wakamweka gizani penye hewa: akakua vizuri. Wakampa mwanga na hewa kwa pamoja: akafa. Ndugu yake wa kawaida mwenye karotenoidi aliishi kote kote.

Nilisoma hilo mara mbili. Mwanga peke yake haukumuua, oksijeni peke yake haikumuua, na kilichokuwa kimesimama kati ya hizo mbili ni rangi tu. Mpaka siku ile mimi nilikuwa nafundishwa kwamba karotenoidi ni "rangi saidizi za kunasa mwanga". Zinanasa, ndiyo, lakini kuna bakteria wanaonasa mwanga bila hizo wakaishi. Ulinzi wa rangi hizo ndio usio na mbadala.

MwalimuWaBayolojia

Kijana umesema vyema kabisa, na mimi ni mmoja wa hao tuliofundisha "rangi saidizi" bila kuendelea zaidi. Nitarekebisha notisi zangu.

Kwa kuwa umetaja wasiotoa oksijeni, kuna kundi jingine: bakteria wa kijani wa salfa. Hawa ni watu wa gizani. Kuna wanaoishi Bahari Nyeusi kwenye kina cha kama mita 100, mahali ambapo sisi tungesema hakuna mwanga kabisa. Kwao jua kupita kiasi si tatizo la kila siku. Adui wao ni oksijeni ikiwavamia wakati wanakusanya mwanga. Njiani kati ya dishi lao na mtambo wao kuna protini inayobeba klorofili saba au nane, mashuhuri sana kwa wanafizikia, kwa sababu ilikuwa protini ya kwanza yenye klorofili kuchorwa umbo lake, mwaka 1975. Miaka ya karibuni imebainika kwamba ina asidi amino mbili zenye salfa, sisteini, zinazohisi hali ya oksijeni. Pasipo na oksijeni, nishati inapita moja kwa moja hadi kwenye mtambo. Oksijeni ikiingia, sisteini zinabadilika, na nishati inageuzwa njia ikapotelea kama joto.

Angalieni tofauti. Wa kwenu wa paani anapima mwanga, huyu wa kilindini anapima oksijeni. Kila mmoja amemwekea mlinzi yule mgeni asiyemtarajia.

Mjukuu_wa_Nakuru

Mimi nimekulia karibu na ziwa Nakuru. Kwa hiyo ule waridi wa heroe, flamingo wetu, unatokana na hizi karotenoidi mnazozizungumzia? Nyanya alikuwa akituambia ndege wanakunywa rangi ya ziwa.

MkulimaWaPaa

Nyanya yako alikuwa amefika karibu sana. Heroe wadogo wa Nakuru, Bogoria na Elmenteita chakula chao kikuu ni huyu huyu Arthrospira, na ndege hawezi kujitengenezea karotenoidi. Anazichukua kwenye chakula, mwili unazigeuza kidogo, kisha zinaingia kwenye manyoya. Rangi iliyokuwa ikimkinga bakteria na jua la Bonde la Ufa ndiyo inayovaliwa na ndege.

Shamba_Kangundo

Nisameheni, mimi ni wa mahindi na maharagwe. Haya yana faida gani shambani? Mimea nayo si inapigwa jua hilo hilo?

Mwanafunzi_Maabara

Inapigwa, mzee, nayo ina breki yake, ila si ile ya chungwa. Mimea hutumia karotenoidi nyingine na protini nyingine. Shida ya mimea ni kuachia breki. Wingu likifunika, jani linabaki limekanyaga breki kwa dakika kadhaa huku mwanga umeshapungua, na muda huo linapoteza chakula. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na wenzao waliongeza jeni tatu kwenye tumbaku ili breki iachie haraka, na mimea shambani ikaongeza uzito kwa asilimia 15 hivi. Tumbaku waliichagua kwa kuwa ni rahisi kuifanyia kazi maabara. Lengo lao ni mazao ya chakula.

Shamba_Kangundo

Asante sana kijana wangu. Hapo nimeshika.

Binti_wa_Kisauni

Kaka, tuambie basi umefanyaje na lile beseni. Na mimi nina roshani inayopigwa jua la asubuhi, nataka kuanza.

MkulimaWaPaa

Nililisugua kwa maji moto, nikalianika siku mbili. Kisha nikachota lita 20 kutoka beseni la pili nikaziweka kwenye lita 25 tu za maji mapya, badala ya kujaza beseni. Kifuniko kikapotea kwenye sentimita 5 na nusu. Neti nimeweka mbili, moja juu ya nyingine. Asubuhi siondoi hata moja mpaka maji yafike nyuzi 20, na hilo kwa hapa Roysambu ni kama saa 4 hivi. Naongeza maji lita tano tano kila kifuniko kikipanda hadi sentimita 4. Wiki ya kwanza zote mbili zilibaki juu mchana kutwa, ya pili nikaanza kutoa ile ya juu kuanzia saa 10 jioni, sasa naitoa tangu asubuhi maji yakishapata joto. Sivuni zaidi ya robo kwa mara moja.

Leo saa 4 na dakika kumi: maji nyuzi 21, kifuniko sentimita 3 na nusu, beseni limefika lita 70. Nikichota kwenye gilasi nyuzi zinapanda juu zenyewe, kijani yenye samawati pembeni.

Dada, kwa roshani ya jua la asubuhi wewe uko kwenye hatari ile ile yangu, baridi na jua kwa pamoja. Anza na neti mbili. Mbegu nitakupa bure, Jumamosi baada ya saa 11 jioni. Njoo na chupa ya lita moja, usiijaze mpaka juu, kifuniko usikikaze. Na uje na gazeti la kuizungushia, hasa ukikaa dirishani kwenye matatu.

Binti_wa_Kisauni

Nitakuja inshallah. Gazeti ninalo, na kanga nitaongeza juu yake.